Kabini ya Mbao za Feri

Habiba mwanangu,

Umekwenda Minjila kuwaaga wenzako, nami nimepanda ndani ya lori, nimefunga mlango ili kuku na majirani wasinisumbue, na karatasi nimeiegemeza kwenye dashibodi. Nimechagua saa hii makusudi. Ukiwepo utanichungulia begani, utaanza kunisahihisha maneno, na barua haitaisha.

Habari za chakula, chandarua, kufunga mlango na kupiga simu sitaziandika. Shangazi zako wamekwisha kuzisema zote, wengine wamerudia. Mimi nitakuandikia habari za lori hili tulilolitengeneza wewe na mimi. Utasema unazijua kwa sababu ulikuwepo. Ni kweli ulikuwepo, lakini mwanzo wake ulikuwa mtoto mdogo, na yaliyokuwa yakinipita moyoni hukuyaona. Nilikuwa nakuonyesha uso mkavu tu.

Baba yako alilipenda lori hili kabla ya kunipenda mimi. Lilikuwa kuukuu tangu siku alipolileta, lori la uso bapa, injini yake katikati ya viti viwili chini ya kifuniko cha chuma. Alibeba maembe na mahindi ya huku deltani kwenda Malindi, na mbuzi na ng'ombe wa wafanyabiashara wa Garsen kwenda Mombasa. Nje lilikuwa limechubuka kila mahali. Uzuri wake ulikuwa ndani. Dashibodi ilikuwa ubao mmoja mrefu, mwekundu kama chai ya rangi, uliopinda kutoka mlango hadi mlango. Milango nayo ilivishwa mbao, na juu ya kioo cha mbele palikuwa na rafu nyembamba ya kuwekea risiti na miswaki. Shule zikifungwa alikuchukua safarini. Ulikaa juu ya kile kifuniko cha injini, kwenye blanketi lililokunjwa, nyayo zako zikiegemea ubao. Ulirudi unanuka dizeli na mbuzi, na furaha ilikujaa hata usingizi ukakukataa.

Kisha injini ikafa, na yeye akaanza kupotea. Kumbe alikuwa ameoa Mombasa. Sikulilii hilo leo, wanaume huoa. Kilichoniuma ni namna alivyoondoka. Alikuja na wazee watatu, tukakaa uani kwa mdogo wake, baba yako mdogo Jilo, wakazungumza jinsi ya kutuachanisha kama watu wanaozungumza jinsi ya kuhamisha kabati. Mimi niliuliza swali moja tu.

"Na lori?"

Lilikuwa limefia hapa, kwenye kiwanja nilichopewa na marehemu baba yangu, magurudumu yamezama mchangani. Baba yako akacheka. "Hilo chuma? Mwachieni. Apikie."

Wazee wawili wakacheka naye. Wa tatu, Mzee Hadulu, alitazama viatu vyake.

Wiki hiyohiyo mvua ilishika. Unaijua mvua yetu ikishika. Barabara ya kwenda mtoni ikawa uji, kuni zote zikalowa, na mimi nilikuwa na hasira. Nikachukua mtaimbo, nikapanda kabini, nikang'oa. Nilianza na milango. Nikaja kwenye rafu. Dashibodi ilinisumbua kwa sababu aliyeifunga aliifunga vizuri, lakini nayo ilitoka, vipande vipande. Mbao kavu za miaka mingi, zenye vanishi, huwaka kama karatasi. Nilipika wali. Nyumba nzima ilinuka rangi.

Nikakupakulia. Ukasimama mlangoni, ukakitazama kile chakula, ukakataa. Hukulia.

"Kula, au lala na njaa," nikakwambia.

Ukalala na njaa.

Nimekosea mengi, Habiba, na mengine nitakuandikia hapa chini, lakini hili ndilo lililonifungua macho, ingawa lilichelewa. Kwa muda mrefu nilidhani nimemkomoa. Nilikuwa namwona akilini, amesikia kwamba dashibodi yake imekuwa majivu, anaumia. Mwenzangu hakujua wala hakujali. Yeye aliniambia nipikie, mimi nikarudi nyumbani nikapika. Nilimtii! Miaka yote niliyokuwa mke wake sikuwahi kumtii upesi namna ile. Kwa hiyo mtu akikutupia neno la dharau, na litakuja, usihangaike na jibu la mdomo. Itazame mikono yako siku inayofuata, uone inafanya kazi ya nani.

Basi nikashona. Hapa Garsen kiti cha gari hakikosi kuchanika. Mabasi ya Lamu, malori ya mifugo, turbai zilizotobolewa na pembe, vyote vilikuja kwenye cherehani yangu pale karibu na steji, na ndivyo ulivyosoma. Lori likawa nyumba ya kuku. Mti wa miiba wa mathenge uliota chini yake, ukapenya kwenye tundu la sakafu, ukatoa majani ndani ya kabini kana kwamba unataka kuendesha.

Unaijua siku ya watu wa vyuma vikuukuu, lakini ulikuwa shule, na umeisikia kwa wengine. Wanasema niliipanga. Sikupanga kitu. Nilikuja nyumbani kuchukua uzi, nikamkuta baba yako mdogo Jilo na wanaume wa kununua vyuma, na kijana ameshusha mitungi yake ya gesi ya kukatia.

"Shemeji," Jilo akasema, "tunakuondolea uchafu huu. Hata nyoka hawatakuja tena."

Alisema kwa upole. Hilo ndilo lililonichoma. Alikuja kufanya wema kwenye kiwanja changu, na hakuniuliza. Nikapanda kabini, nikawasukuma kuku, nikakaa pale palipokuwa na kiti.

"Kateni," nikawaambia. "Anzeni hapa nilipo."

"Shemeji, acha utoto."

"Nimesema kateni."

Yule kijana wa gesi akanitazama, akamtazama Jilo. "Mzee, mimi sikati gari lenye mtu," akasema, akafunga mtungi wake. Jilo akazunguka lori, akapiga bodi teke, akanambia nitazeeka na kutu. Mimi nilikaa. Walipoondoka nikateremka na mavi ya kuku mgongoni, miguu imekufa ganzi, na sikuwa na wazo hata moja kichwani. Sikulipenda lori. Sikulihitaji. Nilikuwa nimechoka tu kuondolewa vitu kwa wema.

Uliporudi kutoka shule ulikuwa umeshasikia habari kwa watoto wa steji. Ukatupa begi chini. "Mama, kwa hiyo tunalitengeneza?"

Mpango ulizaliwa hapo, na aliyeuzaa ni wewe. Mimi nilikuwa nimekataa tu.

Injini ilikuwa ugomvi wa Hirsi, fundi wa magari. Alikubali kuifufua nami nimshonee viti vya magari yake yote, na alihangaika nayo hadi watu wakasema amerogwa. Siku ilipowaka, moshi ulifunika kiwanja, wewe ukapiga vigelegele, na Hirsi akapanda ndani kukaa, akatazama huku na huku akapoteza furaha yake.

"Mama Habiba," akasema, "injini mimi nimefufua. Lakini hii ndani, wallahi, iko kama mdomo haina meno."

Ilikuwa mabati matupu, yenye matundu ya skrubu na kutu. Kila mtu alikuwa na ushauri, na wote ulikuwa mmoja: bandika zulia la plastiki, piga rangi, uza kabla halijafa tena. Nilikataa. Nilichokichoma kilikuwa mbao, na kitakachorudi kitakuwa mbao. Ukitaka kujua, hapo sikuwa nashindana na baba yako tena. Nilikuwa nashindana na yule mwanamke wa mtaimbo.

Mbao zenyewe zilitoka kwa babu yako. Kabla ya daraja, watu walivuka mto hapa Garsen kwa feri ya kuvutwa kwa kamba, na baba yangu alikuwa mmoja wa wavutaji. Feri ilipostaafishwa, alichukua baadhi ya mbao za sakafu yake, mbambakofi nzito, akazipeleka kijijini kwetu Chara na kutengenezea dari ya kuwekea nafaka. Nilikua nikilala chini ya mbao zile. Mafuriko yalipoangusha nyumba, mjomba wako akahamia juu, mbali na mto, akatutumia habari: njooni mzichukue kabla hazijawa kuni za watu.

Unaikumbuka ile safari? Mimi nakumbuka tope likikufika kiunoni, na wewe ukicheka kila ubao ulipotuponyoka mikononi, kwa sababu mbambakofi ukishiba maji hauelei, unakwenda chini kama jiwe. Mtumbwi ulijaa hata tukaogopa kupumua. Zilikuwa nyeusi, zimejaa misumari ya zamani, na kila msumari umeacha duara jeusi kama wino kwenye ubao.

Fundi wa milango pale sokoni alizigusa kwa kidole kimoja. "Hizi zitanilia randa. Mbao za feri ni za kuchomea."

Wewe ulicheka. Mimi nusura nimrukie. Tukarudi nazo nyumbani, tukang'oa misumari wenyewe, wewe kwa koleo na mimi kwa ulimi wa nyundo, mpaka tukajaza mkebe wa rangi.

Sasa dashibodi. Aliyeichoma ni mimi, na umbo lake sikulikumbuka. Nilikuwa nimekaa mle mara chache, tena kando, kama mgeni. Wewe ndiye uliyefungua katoni ya sabuni, ukaitandaza chini, ukachukua mkaa ukaanza kuchora. Hapa palikuwa na shimo la saa ya mwendo. Hapa palikuwa na kovu, baba alizimia sigara. Hapa ubao unaingia ndani.

"Hauingii," nikasema. "Ulikuwa umenyooka mpaka kwenye mlango."

"Unaingia, mama. Kama tumbo la samaki, halafu unatoka."

"Ulikuwa mtoto, unajua nini?"

"Nilikuwa naweka miguu hapo."

Jibu lilikuwa limetosha. Mtu mwenye akili angenyamaza akamsikiliza mwenye nyayo. Mimi nilichukua ubao mzuri kuliko zote, ule mrefu usio na ufa, nikaupasua kwa kunyooka, nikaupiga randa hadi viganja vikatoka malengelenge. Tuliuingiza kabini, ukagonga nguzo ya usukani, na gia haikuweza kwenda mbele. Ulisema "Nilikwambia" mara moja tu, ukiwa umegeukia dirishani ili nisikuone unavyocheka. Ubao ule sasa ni benchi la pale kwenye cherehani. Kila mteja anayelikalia anakalia ubishi wangu.

Nakwambia hivi kwa sababu kule uendako utakutana na watu kama mimi wa siku ile. Wakubwa, wenye mikono mizuri, wanaopenda kazi kwelikweli, na hawasikii. Usiwadharau. Ila ukijua umbo la kitu, lichore. Uliponichorea, hata nilipokuwa nabisha, ile katoni ilikuwa ukutani inanitazama, na niliposhindwa haikubidi tuanze upya. Tulirudi tu kwenye mchoro.

Kupinda ule ubao wa pili kulitutoa jasho. Mbambakofi haupindi kwa kubembelezwa. Wewe ndiye uliyeona, sijui wapi, kwamba ukiukata nyuma kwa msumeno mikato mingi karibukaribu, isiyofika mbele, utakubali kuinama. Tulivunja mbili tukijifunza. Tuliumwagia maji ya moto, tukaukaza kwa kamba kwenye tairi kuukuu, tukauacha hivyo hadi ukasahau kwamba uliwahi kunyooka. Tulipouingiza, ukakaa sawasawa. Wewe ukaweka mguu wako juu yake, ukanitazama, nami nikatoka nje nikajifanya natafuta bisibisi.

Milango ilikuwa zamu yangu ya kujidai. Nilizikata mbao wakati wa mvua, zikiwa bado na unyevu, nikazibana barabara chuma kwa ubao bila nafasi hata ya ukucha. Zilipendeza sana. Jua la Januari lilipokuja, tukiwa tumesimama mnadani katikati ya ng'ombe, ubao wa mlango wa dereva ukapasuka kwa mlio kama wa risasi. Mchungaji mmoja akalala kifudifudi. Ng'ombe wakatawanyika, watu wakanitukana kwa Kiorma, Kipokomo na Kisomali, na wewe ulicheka hata ukakaa chini.

Nikarudi nikazifungua zote. Safari ya pili niliziacha zikauke kivulini, nikaacha nafasi pembeni, na katikati ya mbao na bati nikatandika vipande vya tyubu nilivyovishona kwa mkono. Mpaka leo hazigongi, hazipasuki. Nafasi ile nyembamba haionekani na mtu, lakini ndiyo inayoushikilia mlango. Nimekulea kwa kukubana vilevile, na najua. Ulipotaka kukaa kwa shangazi yako kule Hola nilikukatalia, ulipotaka kusuka nywele mtindo nisioupenda nilikununia juma zima. Nilikuwa na hofu kwamba nikikuachia nafasi utagongagonga. Hukupasuka, lakini nilisikia mlio mara kadhaa.

Na yale matundu ya misumari. Ulitaka kuyaziba kwa vumbi la mbao na gundi, yawe laini. Mimi nilitaka yabaki. Tulinuniana. Mwisho dashibodi ukaziba wewe, milango nikaiacha mimi, na ndiyo maana kabini yetu haifanani mbele na pembeni. Mgeni huuliza kama tuliishiwa na gundi. Mwambie ndiyo.

Habari zikafika Mombasa, kama zinavyofika. Lori lilikuwa limeanza kazi, dereva tumempata, maembe yanakwenda Malindi. Asubuhi moja tukiwa tunapakia, baba yako akaja na Jilo, kanzu nyeupe, manukato. Sikuwa nimemwona tangu siku ya wazee. Alinisalimia vizuri, akakusalimia wewe, ukampa mkono. Kisha akapanda kabini bila kuomba. Akakaa. Akapitisha kiganja kwenye dashibodi polepole, kutoka usukani hadi pale panapoingia ndani, na nitakuwa mwongo nikisema sikumwonea huruma. Uso wake ulirudi ujana.

"Mmetengeneza vizuri," akasema. "Kama ilivyokuwa. Nipe funguo, Mama Habiba. Nitalirudisha barabara ya Mombasa, nanyi nitawakumbuka."

"Funguo za nini?"

"Za lori langu."

Watu wa kupakia waliacha kupakia. Nilijua Jilo anasubiri nipige kelele ili aseme mnaona mwanamke huyu. Sikupiga kelele.

"Ulisema niachiwe nipikie," nikamwambia. "Nilipika. Lile uliloliacha liliisha jikoni, na wali wake nilikula. Hili ni jingine."

"Bodi ni ileile. Injini ni ileile."

"Muulize Hirsi kama injini ni ileile."

Jilo akaingilia, akasema mambo haya ni ya wazee, waitwe. Nikasema waitwe. Wawili walikuwa wamekwisha kufa, Mungu awarehemu. Alikuja Mzee Hadulu peke yake, kwa bodaboda, macho yamefifia. Akaulizwa. Nilijua anapima ujirani wake na mimi dhidi ya ukoo wake na baba yako, kisha akasema, "Alisema apikie. Mimi nilikuwepo. Sikucheka, lakini sikusema kitu pia. Leo nasema. Alimwachia."

Baba yako hakushuka. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Ndipo wewe ukaja ukasimama chini ya mlango, kikapu cha maembe kichwani, ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwambia abiria, "Baba, teremka. Tuna mzigo."

Akateremka.

Na mimi, mbele ya wote, nikakukemea. Nikakwambia huyo ni baba yako, mtoto hasemi hivyo na mzazi wake, omba radhi. Ukaomba, na macho yako yalikuwa kama siku ile ya wali. Nilifanya hivyo kwa sababu watu walikuwa wanatazama, na nilitaka waone kwamba nimekulea. Nilikuwa nimesimama imara asubuhi nzima, kisha dakika ya mwisho nikakutoa wewe ili nionekane mwema. Neno lako halikuwa na matusi. Lilikuwa na adabu kuliko maneno yote yaliyosemwa pale. Nilipaswa kukwambia siku ileile, nikaona haya, na haya yakaota mizizi. Basi nakwambia sasa, kwa mkono wangu: ile radhi uliyoomba naifuta. Hukuwa na kosa.

Sasa unakwenda kwenye mji anaokaa. Watu wananiuliza kama nimekukataza kumwona. Sijakukataza. Nenda ukamwone ukitaka, ukale kwake, uwajue wadogo zako. Yeye ndiye aliyekuweka juu ya kile kifuniko cha injini, na bila miguu yako pale tungekuwa na zulia la plastiki. Nilimchukia hadi nikachoka, na aliposimama pale kando ya lori, kanzu imeshika vumbi, nilitafuta ile chuki nikaikosa. Ila asikupe kazi ya kutuombea msamaha mmoja kwa mwingine. Kazi hiyo ni yetu, na hatuifanyi.

Karakana ya Mombasa unayokwenda kufanyia kazi umeitafuta kwa mikono yako, usisahau hilo wakianza kukwambia una bahati. Yule bwana wa kule wa kuunda bodi za malori alipasukiwa na tairi hapa Garsen akielekea Lamu, akaomba kivuli, nikamkaribisha kabini. Hakusifu mbao. Aliinama, akapitisha vidole chini ya dashibodi, akaigusa ile mikato ya msumeno, akauliza, "Nani amefanya hii?" Nikasema binti yangu. Hakucheka wala hakushangaa. Akasema, "Mwambie aje." Ningemwamini mtu mwingine kwa maneno mengi zaidi, lakini mtu anayetazama upande wa nyuma wa ubao kwanza, huyo nilimwamini.

Baba yako mdogo amekuja tena leo asubuhi, ukiwa sokoni. Amekaa, amekunywa chai, amesema msichana hawezi kukaa kutwa nzima na wanaume wenye mafuta mikononi.

"Mafuta hutoka kwa sabuni," nikamwambia.

"Watu watasema."

"Watu wa wapi? Wale waliosema nitazeeka na kutu?"

Akacheka, maskini. Ni mtu mwema akiwa hakusaidii. Alipoondoka aliniachia maneno yaleyale: angalau useme kwamba umemtuma wewe, mama yake, ili isionekane ameamua peke yake. Ijulikane kuna mkubwa aliyetoa ruhusa. Nimekaa nayo mchana kutwa, hayo maneno, nikishona, na ndiyo yaliyonileta humu ndani kuandika.

Maana nimeona ni mtego, mwanangu, tena mtego laini. Ningependa sana kusema nimekutuma. Ningejisifu kwa hilo pale steji. Lakini si kweli. Wewe ndiye uliyewaandikia kule karakana, ukajibu maswali yao, ukafunga sanduku, kisha ukanambia. Nililia kidogo jikoni na ukajifanya hukusikia, na hilo nakushukuru. Nitakukosa hata sijui nitagombana na nani. Nitaogopa kila simu itakayolia asubuhi mno. Hayo yote ni yangu, nitayabeba, usiyapakie kwenye sanduku lako.

Nasikia sauti yako kwenye lango, unacheka na watoto wa jirani, kwa hiyo namaliza. Kule utakutana na akina Jilo wengi. Watakutazama na koti lako la gereji, watakuuliza kwa upole, kana kwamba wanakutakia mema, ni nani aliyekuruhusu kuja. Usinitaje mimi. Usimtaje baba yako. Waambie umejiruhusu, kisha urudi kwenye kazi.

Mama yako,
Hawaa